Jino lililoahirishwa: kisa cha muuza samaki wa Kisumu, Machi 2020 hadi Juni 2021

Mgonjwa ni mama wa miaka arobaini na ushei, muuza samaki, mkazi wa Nyalenda hapa Kisumu. Alifikishwa hospitalini alfajiri ya Jumapili moja mwishoni mwa Juni 2021. Alikuwa ameketi wima, amejiinamisha mbele, na kila alipoombwa alale chali alikataa kwa mkono. Shingo ilikuwa imevimba toka sikio moja hadi la pili, ngozi imekaza, ukiibonyeza haibonyei. Mate yalimtiririka kwa kuwa kumeza kulimshinda. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, na ulimi ulikuwa umesukumwa juu hadi kaakaani. Alijaribu kujieleza, bintiye akawa ndiye anayeturudia maneno yake.

Chanzo cha hayo yote kilikuwa gego la pili la chini, upande wa kulia. Gego hilo lilipaswa kuzibwa mwishoni mwa Machi 2020.

Naandika kisa hiki kwa ridhaa yake, na mambo machache nimeyabadili asitambulike. Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, na nilikuwa miongoni mwa waliompokea. Mengi yameandikwa juu ya namna korona ilivyopunguza wagonjwa katika kliniki za meno, na takwimu hizo zina kazi yake. Lakini takwimu ya mahudhurio haisemi yule asiyehudhuria alikuwa wapi, anameza nini, na jino lake lilikuwa likifanya nini. Huyu mama anaweza kutuonyesha, kwa sababu njia yake yote imeandikwa: kwenye kadi yake, kwenye daftari la miadi la kituo alichokuwa akitibiwa, na katika kumbukumbu ya bintiye, ambaye ana uwezo wa ajabu wa kukumbuka siku.

Ninalolisema ni hili. Kuahirisha matibabu ya jino ni uamuzi wa tiba, sawasawa na kumwandikia mtu dawa. Una kipimo chake, una madhara yake, na una siku ambayo mgonjwa lazima aangaliwe tena. Mwaka 2020 kliniki nyingi ziliahirisha, na zilikuwa na haki ya kuahirisha, ila ziliahirisha bila kuandika lolote kati ya hayo matatu.

Simu ya Machi

Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Miadi ya mama huyu ilikuwa imeangukia katikati ya purukushani hiyo.

Alikuwa ameonwa mapema mwezi huo katika kituo kimoja cha afya cha umma. Kadi yake, ambayo aliihifadhi kwenye kipochi pamoja na kitambulisho, imeandikwa kwa mwandiko safi: gego la pili la chini kulia, tundu la kina, halijafika kwenye kiini, lizibwe. Aliyeandika alipima vizuri. Jino lilikuwa linashtuka kwa maji baridi na kutulia mara moja baada ya maji kuondoka. Dalili hiyo ina maana kwamba kiini cha jino, kule ndani kwenye neva na mishipa ya damu, bado kiko hai na kinaweza kuokolewa. Ukiliziba jino la namna hiyo, mara nyingi hadithi inaishia hapo.

Kisha ikapigwa simu. Bintiye alikuwapo, wakiwa wanapanga samaki kwenye meza, na simu ikawekwa spika kwa sababu mikono ya mama ilikuwa na magamba.

"Mama, habari? Kliniki ya meno imesimama kwa sasa kwa ajili ya korona. Tutakupigia hali ikiwa shwari."

"Sawa, daktari. Asante."

Basi. Hakuulizwa kama jino linamwamsha usiku. Hakuulizwa kama ana sukari, kama amewahi kupimwa, kama kuna mtu nyumbani mwenye sukari. Hakuambiwa ni dalili gani ikitokea asingoje kupigiwa. Nilipoomba baadaye kuliona daftari la miadi, nilikuta jina lake limekatwa mstari kwa kalamu nyekundu pamoja na majina yote ya ukurasa ule na wa pili, na pembeni pameandikwa neno moja, "korona". Januari 2021 kituo kilianza daftari jipya. Hakuna jina hata moja kutoka kurasa zile mbili lililohamishiwa humo.

Yeyote anayetaka kukilaumu kituo hicho kwa kufunga, asikilaumu. Mashine ya kuchonga jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika huku ikirusha maji ya kupoza, na yale maji yakichanganyika na mate hutoka kama ukungu unaoelea chumbani muda mrefu. Kliniki nyingi zetu ni chumba kimoja chenye dirisha moja. Barakoa za maana hazikuwapo, na zilizokuwapo zilihitajika wodini. Marekani, chama cha madaktari wa meno kiliwashauri wanachama wake tarehe 16 Machi waahirishe kazi zote zisizo za dharura. Uingereza iliamuru hivyo tarehe 25 Machi, na kliniki za kawaida hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi tarehe 8 Juni. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Agosti 2020, lilishauri matibabu ya kawaida ya kinywa yasogezwe mbele pale maambukizi yanapoenea mtaani. Kufunga kulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba watu waliokatwa mstari walitoka katika hesabu, wakabaki na meno yao.

Jino lilivyonyamaza

Juni na Julai 2020 jino lilianza kuuma kwa chai ya moto. Hilo ni badiliko kubwa. Jino linaloshtuka kwa baridi na kutulia papo hapo bado lina nafasi. Linaloumwa na moto, na maumivu yakabaki nusu saa baada ya kikombe kuwekwa chini, kiini chake kimeshaanza kufa. Kisha likaanza kumwamsha usiku. Bintiye anakumbuka mama akikaa kitandani saa tisa usiku, shavu ameliegemeza kwenye chupa ya maji baridi.

Akaenda duka la dawa. Aliuziwa dawa za maumivu na vidonge vya amoksilini vya siku tatu, kwa sababu pesa zilitosha siku tatu. Kwenye tundu alitia karafuu iliyopondwa, na asubuhi alisukutua kwa maji ya chumvi. Mafuta ya karafuu yanatuliza neva kweli kweli, wala si ushirikina. Lakini hayawezi kuondoa wadudu waliokwisha kuingia ndani ya jino, na antibiotiki nayo haiwafikii vizuri, kwa sababu kiini kinachokufa hakipitishi tena damu ya kubeba dawa.

Agosti, maumivu yakakoma. Alifurahi, na nani asingefurahi? Alimwambia bintiye kwamba jino limenyamaza, dawa imefanya kazi. Ningependa kila anayesoma hapa ashike jambo hili hata kama atasahau mengine yote: jino lililokuwa likiuma usiku likinyamaza lenyewe, bila kutibiwa na mtaalamu, halijapona. Neva imekufa. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimkumbusha mama huyu kwamba ana miadi isiyotimizwa. Yalipokoma, pakawa hakuna tena cha kumkumbusha, si mwilini mwake wala kliniki. Na maambukizi yaliendelea kushuka taratibu kupitia mizizi, hadi kwenye mfupa wa taya.

Kwa nini hakurudi mwenyewe? Nilimuuliza baadaye wodini, akanijibu bila kulalamika. Alikuwa akingoja apigiwe, kama alivyoambiwa. Nauli ilikuwa imepanda, kwa kuwa matatu ya abiria kumi na wanne ilibeba wanane tu. Biashara ilikuwa imedorora: kafyu ilikata saa za jioni, na hizo ndizo saa ambazo watu wakitoka kazini hupitia samaki wa kupika. Na aliogopa kubebwa karantini. Mwaka 2020 hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani watu waliwekwa karantini na wengine wakadaiwa gharama yake. Mtu mwenye jino tu, asiye na kikohozi, aliona ni upuuzi kujipeleka mahali ambapo anaweza kuzuiwa majuma mawili.

Hospitalini kwetu tuliliona hilo kwa macho bila kujua ni nani hayupo. Aprili na Mei 2020 mabenchi ambayo saa moja asubuhi huwa yamejaa yalikuwa tupu. Hawakuja wa kuziba, hawakuja wa kusafisha, watoto hawakuletwa kabisa. Walioanza kurudi, kidogo kidogo, walikuwa watu wenye mashavu yaliyovimba. Watafiti wa Beijing waliolinganisha kliniki yao ya dharura ya meno kabla na baada ya mlipuko walikuta sura hiyo hiyo: wagonjwa walipungua kwa asilimia 38, lakini miongoni mwa waliokuja, wenye maambukizi ya meno na kinywa walipanda kutoka asilimia 51 hadi karibu 72. Mahudhurio yalipungua na ugonjwa ukazidi kuwa mzito. Anayesoma safu ya kwanza tu ya ripoti, ile ya idadi, angeweza kudhani watu wamepumzika na meno.

Kazi ambayo haikuhitaji mashine

Hapa pananiuma, na nitakaa hapa kidogo.

Tundu la mama huyu mnamo Machi 2020 lilikuwa la aina ambayo ingeweza kuzibwa bila mashine. Ipo njia ya kukwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono peke yake, kisha kujaza kwa saruji ya meno inayoshikana na jino na kuachia floraidi polepole. Hakuna maji yanayorushwa, hakuna ukungu, hakuna umeme. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo haikutoka mbali. Ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa huduma za meno kwa jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu vijijini hakukuwa na umeme wa kuendesha mashine. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia nzima. Na ule mwongozo wa Agosti 2020 nilioutaja, unaosema kazi za kawaida zisogezwe, unashauri pia kwamba pale matibabu yanapolazimika, zitumike njia za vyombo vya mkono.

Njia iliyoanzia kwa majirani zetu kwa ajili ya mazingira kama yetu ndiyo ilikuwa salama kuliko zote wakati wa korona. Na bado, watu waliotuandalia mafunzo ya dharura waliongea juu ya barakoa na mavazi ya kujikinga, wakaishia hapo. Katika vituo vingi vya kwetu vyombo vya mkono vimo kabatini. Saruji ndiyo huadimika, na mara nyingi mhudumu amezoea kuona kuwa kujaza kwa mkono ni kazi ya kambi za shule, si tiba kamili. Ni tiba kamili. Kwenye tundu la upande mmoja, lililo juu ya gego, ujazo huo hukaa miaka.

Upo pia mchanganyiko wa fedha na floraidi unaopakwa kwa brashi ndogo. Hufanya tundu kuwa jeusi, lakini husimamisha uozo usiendelee. Kwa gego la nyuma lisiloonekana mtu akicheka, weusi ni bei ndogo. Kupaka huchukua dakika chache. Mwaka 2021 dawa hiyo pamoja na saruji ile ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mama huyu zilikuwa zimechelewa. Kwa janga lijalo hakuna wa kusema hazijulikani.

Sitaki kusema kila jino la Machi 2020 lingeokolewa hivyo. Mengine yalikuwa yameshaoza hadi ndani, na kwa hayo kung'oa kwa kawaida, bila kuchonga mfupa, hakutoi ukungu wa kuogopesha na kungeweza kuendelea kwa tahadhari. Ninachosema ni kwamba "kliniki imesimama" lilikuwa jibu moja kwa watu wa aina tatu au nne tofauti.

Juni 2021

Tarehe 1 Juni 2021 Kisumu iliandaa sherehe za Madaraka katika uwanja mpya wa Mamboleo. Katika majuma yaliyofuata kirusi cha korona cha aina ya Delta kilisambaa Nyanza na Magharibi, na tarehe 17 Juni Wizara ya Afya ikatangaza kaunti 13 za ukanda huu kuwa eneo hatari. Kafyu ikarudishwa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, hadi mwisho wa Julai. Wodi zilijaa. Kupata kitanda chenye oksijeni ilikuwa kazi.

Katika juma hilo hilo la mwisho wa Juni, Alhamisi, mama aliamka na uvimbe chini ya taya, upande wa kulia. Haukuuma sana. Ijumaa ulikuwa umevuka katikati ya kidevu. Duka la dawa likamuuzia tena amoksilini na dawa ya maumivu, nayo dawa ya maumivu ikashusha homa, kwa hiyo Ijumaa jioni alijiona nafuu, akauza samaki. Jumamosi mchana alishindwa kumeza ugali. Saa mbili usiku alishindwa kumeza mate.

Bintiye alitoka kutafuta bodaboda. Wawili walikataa. Kisheria, kumpeleka mgonjwa hospitalini kuliruhusiwa wakati wa kafyu. Lakini dereva wa boda anayefikiria kirungu cha barabarani hawazi kanuni. Nairobi, daktari wa akina mama Jemimah Kariuki alikuwa amelipigania jambo hili tangu Aprili 2020, akaanzisha usafiri wa bure wa usiku kwa wajawazito walionaswa na kafyu, na maisha ya wengi yakaokolewa. Kila mtu anaelewa kwamba uchungu wa uzazi haungoji asubuhi. Uvimbe wa shingo unaotokana na jino nao haungoji, ila hilo halikuwa limesemwa kwa mtu yeyote Nyalenda, wala kwa madereva, wala kwa askari. Walikaa hadi kafyu ilipoisha saa kumi, jirani mwenye teksi akawabeba.

Langoni kipimo kilisoma 38.9. Kwa utaratibu wa siku zile, mwenye joto kama hilo alielekezwa kwenye hema la washukiwa wa korona, apimwe puani na kungoja. Alielekezwa huko. Kilichomwokoa ni muuguzi wa zamu katika hema lile, aliyemtazama badala ya kutazama fomu. Aliona mate, akaona anavyoegemea mbele, akaweka vidole viwili chini ya kidevu. Hakungoja kipimo cha korona. Alipiga simu kwetu na chumba cha upasuaji kwa pamoja, akakataza mtu yeyote kumlaza chali. Nimefanya kazi na watu wengi hodari, na ninataka iandikwe kwamba usahihi wa asubuhi ile ulikuwa wa muuguzi huyo.

Sababu ya uvimbe kushuka shingoni badala ya kutokea shavuni iko kwenye umbile la taya. Sakafu ya mdomo imetandazwa na msuli mpana. Mizizi ya magego ya mbele huishia juu ya msuli huo, kwa hiyo usaha wake kwa kawaida hujitokeza ndani ya mdomo. Mizizi ya gego la pili na la tatu hushuka chini yake, na usaha wake huangukia moja kwa moja katika nafasi za chini ya taya. Ukijaza nafasi za pande zote mbili pamoja na ile ya chini ya ulimi, ulimi hauna pa kwenda ila juu na nyuma, na hapo njia ya hewa inazibwa. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza hali hii mwaka 1836 na ugonjwa ukabeba jina lake. Kabla ya antibiotiki uliua zaidi ya nusu ya waliougua. Siku hizi wengi hupona, kwa sharti kwamba wawahi.

Sukari yake ilisoma milimoli 18 kwa lita ya damu, juu mno. Hakuwa anajua kuwa ana kisukari. Hili linaeleza kasi ya siku tatu zile: sukari ikiwa juu, kinga ya mwili dhidi ya usaha hudhoofika, na usaha nao huzidi kuipandisha sukari. Kipimo cha tone moja la damu kingelijua jambo hilo wakati wowote ndani ya miezi kumi na mitano.

Aliwekewa dripu, antibiotiki mbili za mshipani, na insulini. Daktari wa usingizi alimwingizia mpira wa kupumulia kupitia puani akiwa macho na ameketi, daktari wa masikio, pua na koo akiwa amesimama kando na vyombo vya kutoboa koo endapo ingeshindikana. Haikushindikana. Shingo ilipasuliwa sehemu tatu, usaha ukakamuliwa, mipira ya kutoa maji ikaachwa ndani, na gego likang'olewa papo hapo. Lilitoka bila ukaidi, mizizi yake imezungukwa na nyama laini iliyovimba. Kipimo chake cha korona kilirudi siku ya pili: hana. Alikaa wodini siku tisa, siku mbili kati yake akiwa katika chumba cha uangalizi, kwenye kitanda ambacho juma lile kilikuwa kikigombewa na watu wenye Delta.

Hapo ndipo hesabu ya kuahirisha inapogeuka. Kazi ya dakika thelathini iliyosogezwa ili kulinda nafasi na vifaa vya hospitali ilirudi ikiwa timu ya upasuaji, kitanda cha uangalizi na oksijeni, katika juma baya kuliko yote.

Kilichopaswa kuandikwa

Waingereza, walipofunga kliniki zao, waliweka utaratibu wa simu wenye mambo matatu: ushauri, dawa ya maumivu na antibiotiki, na wenye hali mbaya wakapelekwa vituo maalumu vya dharura. Sehemu ya vituo naisifu. Sehemu ya antibiotiki kwa simu ninaitilia mashaka nikiiweka katika mazingira yetu, kwa sababu antibiotiki bila kufungua jino au kutoa usaha hununua siku, haiponyi, na kwetu duka la dawa tayari linaigawa bila simu ya mtu. Mama huyu alipata antibiotiki mara mbili. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza.

Maswali yenyewe hayahitaji daktari. Jino linakuamsha usiku? Moto au baridi, na maumivu hukaa muda gani? Lilikuwa linauma likanyamaza? Una uvimbe usoni au chini ya taya? Unafungua mdomo vizuri, unameza? Una sukari, au hujapimwa? Anayejibu ndiyo kuhusu uvimbe, kufungua mdomo au kumeza aje leo, kafyu iwepo isiwepo, na akija asisimamishwe langoni kwa sababu ya homa peke yake. Mwenye maumivu ya usiku au jino lililonyamaza apangiwe juma hilo, ang'olewe au atibiwe mizizi. Mwenye kushtuka kwa baridi tu azibwe kwa mkono mara tu chumba kikiweza kupitisha hewa, madirisha wazi, mgonjwa mmoja mmoja. Waliobaki wangoje, ila wapewe tarehe ya kupigiwa tena, na tarehe hiyo iwe na jina la mhudumu atakayepiga.

Karani wa kituo kile aliniambia jambo ambalo nililiona la haki kabisa: alipiga simu zile zote kwa kadi zake mwenyewe. Hakuna aliyempa pesa ya simu. Katika bajeti za korona nilizoziona kulikuwa na mistari ya barakoa, vitakasa mikono na mavazi ya kujikinga. Mstari wa salio la simu kwa wagonjwa walioahirishwa sikuuona. Ungekuwa mdogo kuliko mistari yote.

Mei 2021, mwezi mmoja kabla ya mama huyu kufikishwa kwetu, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kutaka afya ya kinywa iingizwe katika huduma za msingi, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaripoti kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Kwetu, Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye mikoba yenye kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu. Mhudumu anayepita Nyalenda na mkoba huo, akiongeza swali moja la jino kwenye maswali yake, angewapata watu wawili kwa mpigo: mwenye sukari asiyejijua na mwenye maambukizi yasiyouma.

Mama amerudi kwenye meza yake ya samaki. Anatumia dawa za sukari, na magego mawili mengine yaliyokuwa yameanza kutoboka yalizibwa kwa mkono kabla hajaruhusiwa kuacha kuja kliniki. Kituo kile kimefungua upya zile kurasa mbili za kalamu nyekundu na kuanza kuwapigia waliomo. Baadhi wamepatikana, wengine meno yao yalishang'olewa kwingine. Zipo namba ambazo hazipatikani tena; majina yao yamepelekwa kwa wahudumu wa jamii wa Nyalenda na Manyatta wawatafute nyumbani, wakianza na waliokuwa na tundu la kina.